Ukurasa wa Makosa Hauna Mwenyewe

Kwa niaba ya Mamlaka ya Kumbukumbu za Watu, na kwa furaha ambayo nimeidhinishwa kuwa nayo, natangaza kwamba mwongozo wa kanzidata yetu sasa umekamilika. Umekamilika kabisa. Kila kitu ambacho kompyuta zetu zinaweza kumfanyia mtu kimeelezwa humo, na kila neno utakaloandika kwenye kisanduku cha kutafutia litakuletea jibu. Mimi ndiye Katibu wa Kamati ya Ukamilifu na Utafutikaji. Mkisikia maneno ya mitaani kuhusu jambo hili, njooni kwangu kwanza. Ya mitaani nayajua yote, na mengine nimeyaanzisha mimi.

Kwa wasiojua, kanzidata ni ghala la taarifa ndani ya kompyuta. La kwetu limewekwa watu. Ukizaliwa unaingizwa, ukioa unaunganishwa, ukihama unasogezwa, ukifa unafungwa. Mwongozo ni maandishi ya kumwambia karani abonyeze wapi. Zamani ulikuwa nusu mwongozo. Karani akikwama, anapaza sauti kumwita fundi wetu wa kompyuta, dada mmoja tunayemwita Nyaya, mwenye ulimi mkali kuliko bisibisi yake. Nyaya anakuja, anabonyeza, anatukana kidogo, kazi inaendelea.

Mkurugenzi Mkuu akaona hiyo ni aibu. Akatangaza kwamba Mheshimiwa Waziri atakuja kuzindua mwongozo kamili. Kiongozi wa kweli haulizi kazi imefika wapi. Anataja tarehe, kazi yenyewe itajua pa kukimbilia.

Kamati ikaanza na kanuni. Ya kwanza, kila ukurasa uwe na mwenyewe, yaani mkuu wa idara ambaye jina na picha yake vitakaa juu. Ya pili, aliyoandika Mkurugenzi kwa mkono wake: ofisa aliye kazini hakosei. Baada ya hapo kazi ilikwenda kama maji mteremkoni. Ukurasa wa ndoa uligombewa. Ukurasa wa vifo uligombewa mpaka wakuu watatu wakanuniana, maana huko hakuna malalamiko. Ukishamhudumia mteja, harudi. Mwisho tukawapa wote watatu, na kila mmoja akaongeza sura ili asipitwe.

Ukabaki ukurasa mmoja: Kurekebisha Makosa. Kwa mfano, karani amemwandika mtu kafa na kumbe mtu mzima anakunywa chai kwake. Kitufe cha kumrudisha kilikuwepo. Mwenye ukurasa hakuwepo. Kila mkuu niliyemfuata alinitazama kana kwamba nimemtukania mama.

"Mimi niweke jina langu kwenye makosa? Yamefanywa na nani?"

"Hayajafanywa, bosi. Yakifanywa."

"Basi yakifanywa, utamjua aliyeyafanya, umpelekee."

Mkurugenzi alisikiliza taarifa yangu huku amefumba macho, kisha akatoa ile busara ambayo imemfikisha alipo. Kama mwongozo ni mfupi kuliko kanzidata, alisema, kwa nini tuhangaike kurefusha mwongozo? Tuipunguze kanzidata. Kisichoelezwa, kizimwe.

"Bosi," Nyaya akasema, "hiyo ni kukata kidole kwa sababu kiatu kinabana."

Mkurugenzi alimshukuru kwa mfano mzuri, akaagiza uingie kwenye kumbukumbu za kikao. Siku hiyohiyo kitufe kikazimwa, na mwongozo ukawa kamili kabla ya chai.

Likabaki suala la utafutikaji. Mkurugenzi hakuyapenda yale maneno "Hakuna kilichopatikana." Alisema mwananchi akiambiwa hakuna, anafikiri serikali haina. Kwa hiyo tukapanga kwamba neno lolote lisilo na ukurasa lilete picha yake, akitabasamu, na maandishi chini: Karibu sana, umefika mahali sahihi. Kutafuta ni huduma yetu. Kupata ni bahati ya mtu.

Hapa lazima nimtaje shangazi yangu, kwa sababu ni marehemu.

Shangazi ndiye aliyenilea. Ni fundi cherehani, ana meza yake ndani ya soko, na nyumba yake haijawahi kupungukiwa wageni hata siku ya mvua. Wiki ya mwisho ya maandalizi karani wetu mmoja alikuwa anamfunga bibi mmoja wa mtaa wa pili, mkono ukateleza mstari mmoja chini, akamfunga shangazi. Uongozi wa soko ukapata taarifa. Meza za soko ni za watu walio hai, huo ndio utaratibu, na muuza vitunguu wa jirani akapewa ahadi kwamba meza ya marehemu itakuwa yake siku ya uzinduzi. Hakuingoja. Alianza kuegemeza magunia kwenye cherehani, shangazi akiwa amekaa palepale anashona.

Akaja ofisini kwangu bila kubisha.

"Wewe mtoto, nimekufa lini na hukuniambia?"

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba ya maiti utaipeleka wapi? Nirudishe! Yule wa vitunguu ananipa pole usoni, huku anapima meza yangu kwa shubiri!"

Sikutaka watu wasikie, na watu walikuwa wamekwisha jaa mlangoni, baadhi nimewaita mimi mwenyewe siku nyingine kusikiliza mambo ya wenzao. Nikampeleka kwenye kompyuta ya wananchi pale ukumbini. Akaandika kwa kidole kimoja: mimi mzima. Picha ikatokea.

"Huyu ndiye aliyeniua?"

"Huyo ni Mkurugenzi Mkuu, shangazi. Anakukaribisha."

"Ananikaribisha wapi? Ahera?"

Nikamfuata Nyaya. Akasema kitufe kipo, kimelala tu. Kukiamsha ni kufumba na kufumbua. Lakini akikiamsha bila ukurasa, mwongozo utakuwa si kamili mbele ya Waziri, na atakayetoka getini na mabegi ni yeye. "Niletee ukurasa wenye mwenyewe," akasema, "hata mwenyewe akiwa mbuzi."

Nilifanya nililoweza. Tulihitaji wananchi wenye furaha wa kujaza viti siku ya uzinduzi, nikamweka shangazi safu ya tatu.

"Marehemu wanaruhusiwa?" akauliza.

"Hakuna aliyekataza."

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa, nami napenda ukumbi uliojaa. Waziri alikuwa mama wa miwani mizito na subira fupi. Alikaa, akasema, "Hotuba nitasoma njiani. Nionyesheni ukurasa wenu bora kabisa."

Wakuu watatu wakainuka kwa pamoja. Bora kuliko zote ni vifo.

Mkurugenzi akasogea kwenye kompyuta iliyounganishwa na skrini kubwa. Zilihitajika taarifa za mtu wa mfano, na hapo likazuka suala la itifaki. Jina la mtu mdogo haliwezi kukaa kwenye skrini kubwa mbele ya Waziri. Mkurugenzi akaandika la kwake. Akausoma mwongozo kwa sauti, hatua kwa hatua, na nakiri ulikuwa mwongozo mtamu. Hata mtoto angeweza kumfunga mtu. Kompyuta ikauliza: Una hakika? Mwongozo, kwa herufi nene, ukasema: Karani asisite.

Hakusita.

Taarifa zimefungwa, skrini ikaandika. Poleni wafiwa.

Makofi. Naibu Mkurugenzi alipiga kuliko wote, na aliendelea wenzake walipoacha.

"Safi," Waziri akasema. "Sasa jirudishe."

Mkurugenzi akaandika kwenye kisanduku: rudisha. Picha yake ikatokea, inatabasamu. Akaandika: fufua. Picha. Akaandika: nisaidieni. Picha.

"Naona umefika mahali sahihi," Waziri akasema.

Kisha kompyuta ikamtoa nje kabisa. Kutoka nyuma ya ukumbi sauti ya Nyaya ikamfikia, tulivu kama ya muuguzi: "Haipokei amri ya marehemu, bosi. Iko sura ya tatu. Imeelezwa vizuri sana."

Waziri akaamuru kitufe cha kurudisha kiwashwe papo hapo. Nyaya akajibu kwamba kidole chake kimekwisha fika; anachongoja ni ukurasa, na ukurasa unangoja mwenyewe. Waziri akawageukia wakuu wa idara. Mmoja akainama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Mwingine akaanza kuikagua dari. Naibu akasimama: "Mheshimiwa, kwa mujibu wa kanuni za marehemu..."

"Mimi si marehemu!" Mkurugenzi akafoka.

Hapo ndipo shangazi aliponyanyuka safu ya tatu, mkoba kwapani. Muda huo, kule sokoni, muuza vitunguu alikuwa anangoja ufunguo wa kufuli la meza.

"Jamani, kumbe kinachotafutwa ni mtu wa kubeba makosa tu? Na huyo mmemwacha wa nini? Keshakufa huyo. Mwandikeni yeye. Maiti haulizwi sanda."

"Mama, mimi ni mzima!" Mkurugenzi akasema.

"Hata mimi nilisema hivyohivyo, mwanangu. Ukaniletea picha."

Sijawahi kuona wakuu wa idara wakikubaliana upesi namna ile. Ukurasa uliandikwa kwa kusimama, kila mmoja akichangia sentensi, na chini yake ikathibitishwa kwamba makosa yote ya Mamlaka, yaliyopita na yajayo, mwenyewe ni marehemu Mkurugenzi Mkuu. Kwa kuwa marehemu hayuko kazini, kanuni ya pili haikuguswa hata ukucha. Nyaya akabonyeza.

Shangazi alifufuka wa kwanza. Hakungoja makofi; alikwisha kuwa barabarani. Muuza nyuzi, ambaye hanifichi kitu, ananiambia alifika sokoni ufunguo ukiwa mkononi mwa muuza vitunguu, akasema maneno machache tu: "Toa gunia. Mwenye kaburi karudi." Akakaa, akatia uzi kwenye sindano, akamalizia suruali ya mtu.

Kule ukumbini Mkurugenzi alikuwa amesimama karibu na Nyaya, anapumua juu ya bega lake. "Na mimi sasa."

Naibu akakohoa. Alikuwa na huzuni ya mtu aliyeifanyia mazoezi. "Mheshimiwa Waziri, tukimrudisha, atakuwa ofisa aliye kazini. Ofisa aliye kazini hakosei. Ukurasa utakosa mwenyewe, na usio na mwenyewe unazimwa. Na wale pale nje watarudije?"

Tukageuka. Habari ilikwisha toka. Dirishani walionekana waliofungwa kimakosa, foleni mpaka getini, wengine na watoto mgongoni, wanauliza kufufuka ni mlango upi.

"Nakubali makosa!" Mkurugenzi akasema. "Yote! Nirudisheni, nitayabeba nikiwa hai!"

"Ofisa kukubali makosa," Naibu akajibu kwa upole, "ni kinyume cha kanuni uliyoiandika wewe. Hatuwezi kukuvunjia heshima siku ya msiba wako."

Waziri akavua miwani, akawatazama wakuu wa idara. "Kuna mwingine yeyote ambaye angependa kufa, apokee ukurasa huu?"

Wote wakapiga hatua moja nyuma, mbali na kompyuta.

"Basi," Waziri akasema, akakata utepe.

Tangu hapo mwongozo unasomwa sana, hasa ule ukurasa, na watu wanarudi kwenye uhai kwa utaratibu mzuri. Marehemu hutujia kila asubuhi. Anakaa kwenye benchi la ukumbini na suti yake, na wananchi, ambao wana adabu, humshukuru wakipita. Jana alinishika mkono. "Katibu," akaniambia, "wewe si unanijua? Tumekunywa chai pamoja miaka yote hii." Nikamwambia ni kweli, alikuwa mtu wa watu, na pengo lake halitazibika kamwe. Nikamwacha hapo, maana Naibu, ambaye ndiye aliyeliziba, alikuwa ananiita.