Programu Niliyoichukua Saa ya Usingizi

Jumatatu, 10 Machi
Siku mbaya. Bosi wetu Bính ametangaza kwamba Ijumaa mimi na Loan, mwenzangu wa majaribio ya kazi, tutaonyesha programu zetu za kupokea oda za duka. Mmoja ataajiriwa. Mwingine kwaheri, na kwangu kwaheri ni kurudi kwetu Vinh kumsaidia mama kuuza uji wa samaki wa mikunga. Ya Loan inafanya kazi. Yangu haijui hata kuanza.

Jumanne, 11 Machi
Nina akili mimi! Baada ya chakula cha mchana taa zikazimwa kwa usingizi wa kila siku wa ofisini, kila mtu akakunjua kitanda chake kando ya meza. Loan akakoroma. Nikanakili programu yake yote kutoka kwenye kompyuta yake. Nisishtukiwe, nikaibandika ndani ya faili la barua ya mwaliko wa harusi ya binamu yangu. Nani atachungulia mwaliko wa harusi?

Jumatano, 12 Machi
Nimeihamishia kwenye programu yangu. Makosa skrini nzima! Neno kwa neno ni ileile. Kwake inakwenda, kwangu inagoma. Nimezima, nimewasha, nimetukana. Siwezi kuuliza, nitaulizwa nimeitoa wapi.

Loan akapita na chai yake ya barafu. Nikafunika skrini, nimechelewa.

“Mdogo wangu, alama zako za kunukuu zimepinda,” akasema. “Hizo ni za barua. Programu inataka zilizonyooka.”

Akaenda zake. Kumbe ule mwaliko ulizipamba bila kuniuliza!

Alhamisi, 13 Machi
Nimezinyoosha zote. Bado! Kompyuta inadai eti nafasi kati ya maneno si nafasi za kawaida. Mimi naona pengo tu. Pengo nalo lina aina? Kwa hasira nikachapa yote upya, wenzangu wamelala. Nikasahau kibodi iko kwenye Kivietinamu. Kila nikigonga d mbili inatoka đ moja yenye mstari. Nimekaribia kulia.

Ijumaa, 14 Machi
Yangu haikufunguka. Ya Loan ilikwenda vizuri mno, akaajiriwa. Bính akaniambia nifungashe. Loan akamsihi aniongezee mwezi, atanifundisha mwenyewe. Bính akakubali kwa shingo upande. Aibu niliyoona!

Mlangoni Loan akaniambia taratibu, “Ungeniomba tu, ningekutumia faili zima. Mimi hata sikuwa nimelala.”

Jumamosi, 15 Machi
Nimefikiri sana. Loan si wa kuaminika. Mtu gani anakoroma akiwa macho? Jumatatu nahamishia kitanda changu karibu na meza ya Bính. Yule analala kweli.