Cheti cha Kushindwa

Napenda kuukumbusha umma wa miji ya La Paz na El Alto kwamba ni ofisi yangu iliyomaliza tatizo la wanafunzi kukosa nafasi za mafunzo kazini. Tulitangaza kwamba kukosa nafasi ni sehemu ya mafunzo.

Kwa kusudi hilo Wizara ya Maji ilianzisha Idara ya Kujifunza Kutokana na Kushindwa, nami nikateuliwa kuiongoza. Wenye kumbukumbu ndefu walisema hii ni ileile Idara ya Matumaini ya Vijana, ambayo zamani iliitwa Idara ya Subira, yenye meza ileile na bomba lilelile lisilotoa maji. Wachochezi hao. Kibao cha mlangoni kilikuwa kipya.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Mwanafunzi aliyenyimwa nafasi alikuja mbele ya Kamati, akaeleza kosa lake, akapewa Cheti cha Kushindwa. Kamati ilikuwa mimi na wenzangu wawili, wote watoto wa familia njema.

Nayra Ticona, mwanafunzi wa uhandisi wa maji kutoka El Alto, alitusumbua tangu mwanzo. Masomo yote alikuwa ameyamaliza, lakini bila mafunzo kazini kabla ya muhula kwisha, chuo kingemfuta. Mama yake alikuwa akiuza api, uji wa mahindi, kituo cha mabasi ili binti awe mhandisi.

"Umejifunza nini, binti?" nilimwuliza.

"Kwamba nafasi alipewa mpwa wa mkurugenzi, Daktari."

Mimi si daktari wa chochote. Nina tai.

"Hilo si funzo," nilimwambia. "Hiyo ni taarifa. Funzo linaanza na wewe mwenyewe. Ulivaa viatu gani?"

"Hivi hivi."

"Unaona sasa."

"Huyo mpwa alikuja na ndala, Daktari. Nilimwona."

"Nenda ukashindwe tena, safari hii kwa utulivu."

Alikwenda, akapigwa danadana ofisi hadi ofisi, akarudi. Nafasi ilikuwa imeenda kwa mtoto wa ubatizo wa jaji. Tukamweleza kwamba hatabasamu vya kutosha. Mwishowe alikiri kuwa amejifunza: viatu vyake vibaya, sura yake nzito, na mama yake hana namba ya mtu yeyote mkubwa. Kamati ikapiga makofi. Alikuwa wa kwanza kupata cheti, na wa pekee. Wenzake walishachoka, wakaenda kuuza simu kuukuu.

Basi Waziri, shemeji yangu, akataka sentensi ya kushangiliwa kwenye hotuba. Nikamwandikia: "Hakuna atakayehudumu katika Idara hii, awe mwanafunzi au mkuu, kama hana Cheti cha Kushindwa." Watu walishangilia hadi ikawa kanuni kabla hajashuka jukwaani.

Shida ikawa Rolando, mpwa wa Waziri, aliyeahidiwa mafunzo kwangu. Rolando hakuwahi kushindwa popote. Tukamtuma Ofisi ya Mito akanyimwe, akarudi na ajira. Tukamtuma Ofisi ya Mabwawa akinuka bia, wakampa na gari.

"Nimewatukana hadi mama zao, Daktari," alilalamika. "Wamesema nina msimamo."

Mama yake akaenda soko la Alasita, ambako kila Januari watu hununua mfano mdogo wa kile wanachokiomba: kijumba, kigari, kishahada. Akaulizia barua ndogo ya kukataliwa kazi.

"Hiyo hatuna, mama," muuzaji alimjibu. "Hakuna anayeiomba. Kwetu huja yenyewe."

Ikabidi nafasi apewe Nayra. Siku ya kwanza tu akauliza:

"Na cheti chako kiko wapi, Daktari?"

Sikuwa nacho. Wenzangu pia hawakuwa nacho. Kwa mujibu wa kanuni yangu mwenyewe, Kamati ikabaki na mtu mmoja tu mwenye sifa: Nayra.

"Ni utaratibu tu," alinifariji. "Ukishindwa mahali, njoo, nitakusikiliza."

Sikuwa na wasiwasi wa kufukuzwa, bali wa kukubaliwa. Nani angemkatalia shemeji wa Waziri? Lakini wiki hiyohiyo Waziri akatimuliwa, na kumbukumbu za walinzi wa ofisi zote zikaharibika kwa pamoja: hakuna aliyenitambua. Ofisi ya Mito hawakunipa hata kiti. Ofisi ya Mabwawa waliniuliza kama nimeleta gari la Rolando.

Nikarudi kwenye idara yangu, nikakaa kwenye benchi na wanafunzi. Walionitangulia walimaliza upesi, kwani Nayra alikuwa akiwaamini. Chuo kilikuwa kimeyakubali mafunzo yake, na jina lake lilikuwa tayari limeingizwa kwenye mahafali. Nyuma yake bomba lilikuwa likitoa maji.

"Umejifunza nini, Daktari?"

Nilifikiri kwa unyofu.

"Kwamba kila kazi niliyowahi kupata, alinipa shemeji."

Alitikisa kichwa taratibu.

"Hilo si funzo," alisema. "Hiyo ni taarifa."

Kisha akainama kuchungulia chini ya meza.

"Ulivaa viatu gani?"