Ombi la Turubai Moja la Kunitenga na Mama Mkwe

Kambi ya Mafuriko,
Uwanja wa Shule, Buteba, Uganda.

Kwa Mratibu wa Waratibu wa Misaada ya Dharura,

Ndugu Mratibu mpendwa,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mtu ambaye ofisi yako imeshamhesabu mara kumi na moja. Mimi ni Mike Emoit, mkulima. Mto ulipofurika uliibeba nyumba yangu pamoja na jiko lake, na siku hiyo hiyo, ng'ambo upande wa Kenya, ukabeba nyumba ya mama mkwe. Akavuka kuja kwa binti yake, yaani mke wangu Valarie. Karibu sana, mama! Ugomvi hatuna. Shida ni hema, na malalamiko yangu ni haya:

1. Afisa wenu mwenye tableti alituandika "familia moja", akatupa hema moja. Ala! Kwetu mwanamume halali chini ya paa moja na mama mkwe. Hata jina lake siwezi kuliandika hapa. Nikimwona njiani naingia kichakani kwa adabu. Sasa ndani ya hema kichaka nitakitoa wapi? Basi wao wanalala ndani, mimi nalala nje, kichwa chini ya beseni. Hii ni wiki ya tatu, na mvua ndiyo kwanza imenogewa.

2. Upande wetu mmeleta nguzo mia mbili bila turubai hata moja. Upande wa Kenya wenzenu wameleta maturubai bila nguzo. Nikisimama ukingoni mwa mto nayaona kwa macho yangu, ya buluu, yamepangwa vizuri mpaka roho inauma. Nilipouliza, nikaambiwa nisubiri kikao cha uratibu cha nchi mbili. Leonida, muuza nyanya ambaye huvuka mpaka kila siku na kreti tatu kwenye baiskeli, aliposikia hivyo alicheka mpaka akakaa chini.

3. Kikao kilifanyika hotelini Tororo, nami nikaalikwa kama mwathirika. Nilipewa kalamu, daftari, soda na kuku. Baada ya siku mbili kikao kiligundua kwamba uratibu umepungua, kwa hiyo iundwe kamati ya kuwaratibu waratibu. Kuku alikuwa mtamu, sikatai.

4. Mashirika tisa yameniuliza ninahitaji nini. Yote tisa nimeyajibu: turubai. Nimepata sabuni, neti, fulana, sabuni tena, na semina ya kunawa mikono. Jamani, mimi nanyeshewa kila siku! Kama kuna mtu msafi wilaya hii nzima, ni mimi.

5. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mvunje kamati zote leo hii, kazi mumpe Leonida na baiskeli yake. Hilo likishindikana, usogezeni mpaka wenyewe mita mia tatu kuelekea Kenya, maturubai yajikute Uganda bila kusumbua mtu. Na hilo nalo likiwa zito, tangazeni sheria ya dharura kwamba wakati wa mafuriko mama mkwe atahesabiwa kuwa bibi yangu mzaa baba, ambaye ninaruhusiwa kutaniana naye. Haki ya Mungu, nimechoka, Ndugu Mratibu. Mgongo unauma, na mke wangu nazungumza naye kupitia kitambaa cha hema.

Wasalimie madereva wa magari meupe, mabinti wa takwimu, walinzi wa nguzo, na hasa mpishi wa yule kuku.

Wako mtiifu, mwenye beseni,
Mike Emoit

Nyongeza: Barua hii imechelewa kutumwa kwa sababu Jumatatu asubuhi Leonida alituletea maturubai ishirini kutoka ng'ambo, kabla hata uji haujapoa. Sisi waathirika tukaona si vizuri kugawa ovyo ovyo kama watu wasio na mpango, tukaunda kamati yetu. Mimi ndiye mwenyekiti. Tuna kamati ndogo sita na fomu, na kwa sasa tunasubiri fulana. Maturubai yako kanisani, makavu kabisa. Ombi langu nililipitia mwenyewe jana, nikalikataa, kwa kuwa mwombaji hakuambatanisha picha mbili. Nimemshauri ajaribu tena mvua ikiisha.