Siku Mrithi Alipomaliza Mali

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, mwanamke mmoja aliuliza bei ya saa ya mezani isiyotembea, akatajiwa, akalipa. Hakuomba apunguziwe. Hakuigeuza kutazama mgongo wake wala hakuiweka sikioni. Aliitia kwenye mkoba mkubwa wa ngozi, akamshukuru fundi saa aliyemuuzia, akaendelea kutembea taratibu katikati ya soko la vitu vya kale, akitabasamu kwa kila kitu kama mtu aliyealikwa harusini.

Katika soko lile, mteja asiyeomba apunguziwe ni adimu kiasi kwamba wauzaji wawili waliacha kunywa chai. Wa tatu kumwona, na wa kwanza kusimama, alikuwa Mrithi.

Hilo halikuwa jina alilopewa na wazazi. Aliitwa hivyo kwa kuwa kila alichouza alikirithi. Birika la shaba lilikuwa la bibi yake marehemu. Redio ya mbao ilikuwa ya babu yake marehemu. Simu ya kuzungusha, iliyokatika waya, ndiyo iliyoleta habari za vifo vya wote wawili. Ukweli, ambao yeyote angeweza kuuthibitisha kwa kumfuata alfajiri, ni kwamba alivinunua vyote kwa kilo kwenye ghala la vyuma chakavu, akavisugua kwa majivu na kuvipaka mafuta ya kupikia mpaka vikang'aa. Ukijumlisha mali aliyokwisha kuuza, Mrithi alikuwa amezika mabibi wengi kuliko maumbile yanavyomruhusu mtu mmoja kuwa nao. Lakini wateja hawajumlishi. Wateja husikiliza.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu. Kwanza alifanya urafiki. Kisha alikataa kuuza. Kisha alibembelezwa. Ubembelezaji ukilegea, alitokea Shemeji, kaka wa mkewe, mwanamume mrefu mwenye uso wa huzuni ya kuzaliwa, akakishika kitu kilekile na kusema amerudi kukinunua, amekopa, halali usiku. Birika lile Shemeji alikuwa amerudi kulinunua kwa mwaka mzima.

Na juu ya hayo yote, Mrithi alikuwa na mahali. Palikuwa pembeni mwa lango, chini ya kipande pekee cha paa, ambapo kila mteja anayeingia lazima apite, na kila anayetoka lazima apite tena akijutia alichokiacha. Kule nyuma, kando ya mtaro, walikuwapo waliozeeka wakingoja mahali kama hapo. Soko lile halikuwa na mikataba. Lilikuwa na kanuni moja tu: mahali ni pa yule ambaye mali yake iko chini. Ugua, safiri, fungwa jela. Almuradi kitu chako kimelala pale, hakuna wa kukugusa. Ndiyo maana jioni kila muuzaji huacha kitu kimoja kizito kisicho na maana kimshikie nafasi. Mrithi aliacha kasha la chuma lisilo na mlango. Aliwahi kutamka, na mbele ya Shemeji, kwamba afadhali aachwe na mke kuliko kuachwa na pale.

"Karibu mama," alimwambia yule mwanamke. "Ila nikuambie mapema, mimi siuzi. Nimekaa tu na vitu vya watu wangu."

Mwanamke alisimama. Gauni lake la kijani lilipigwa pasi vizuri, viatu vyake viling'aa, na kucha zake zilikuwa fupi na safi.

"Pole mwanangu. Wamekufa?"

"Wote."

"Siku moja?"

"Kwa awamu, mama."

Akaguna kwa huruma. "Mimi nimehamia nyumba mpya. Vyumba vitupu, ukikohoa kikohozi kinakurudia. Na mji huu sina rafiki. Nikasema nitafute vitu vilivyokwisha kuishi na watu, angalau nipate wa kukaa naye."

Mrithi alihisi kitu kikimpanda kutoka nyayoni hadi utosini. Aliwajua wateja wa bei, ambao ni balaa. Aliwajua wateja wa mapambo, ambao huleta picha ya ukuta wao. Mteja wa hadithi alikuwa amemsikia kwa wenzake tu, kama watu wanavyosikia habari za dhahabu iliyookotwa. Akamvutia kiti.

"Basi leo umepata rafiki," alisema. "Kaa. Unaliona birika hili? Bibi hakumruhusu mtu kulishika. Hata daktari aliyekuja kumtazama aliambiwa anawe mikono."

"Alikuwa mkali?"

"Mkali wa mapenzi, mama."

Mwanamke alilipokea birika kwa mikono miwili. Mrithi akakohoa, na Shemeji akatokea nyuma ya nguzo akiwa amekwisha kulegeza mabega.

"Kaka, nimerudi," Shemeji alisema. "Lile birika. Nimekopa. Silali."

"Masikini," alisema mwanamke, akamnyooshea. "Mpe yeye basi. Ana shida kuliko mimi."

Jambo hili halikuwahi kutokea. Shemeji alilitazama birika lililokuwa likimjia, akamtazama Mrithi, akarudi nyuma hatua moja.

"Hapana mama," alisema polepole, akitafuta maneno. "Nimeona ulivyolishika. Hata marehemu mwenyewe angekuchagua wewe."

"Kweli?"

"Nitazoea. Mimi ni mtu wa kupoteza."

Macho ya mwanamke yakalowa. Akauliza bei, akatajiwa bei ambayo Mrithi huitaja ili aanze kushushwa kutoka hapo, akalipa yote. Mrithi alizigusa noti kwa kidole gumba, akaziinua kwenye mwanga. Zilikuwa halali. Halafu mwanamke akauliza habari za redio.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Redio ilikuwa ya babu, na vitu vya ukoo mmoja, alisema Mrithi, vikitenganishwa havina raha; ikalipiwa. Simu ikalipiwa. Kioo chenye ufa, ambacho ufa wake ulitokea saa ileile aliyokata roho mjomba, kikalipiwa na machozi juu. Picha ya harusi ya watu ambao Mrithi hakuwajua ikawa ya wazazi wake. Mwanamke akasema amefanana sana na bwana harusi, na Mrithi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaona kweli amefanana. Alipofika kwenye feni isiyo na mapanga alikuwa amemaliza upande wa baba. Taipureta aliigawia mama mdogo. Taa ya chemli ikakosa mwenyewe, na kwa haraka ya kazi akaitoa kwa mama mkwe wake. Shemeji, aliyekuwa amesimama palepale, akapata habari kwamba mama yake mzazi, aliyempa chai asubuhi hiyo, alifariki akiwa ameishika chemli ile mkononi.

"Pole, mwanangu," mwanamke alimwambia Shemeji, maana alikuwa amebadilika rangi.

"Nimeshtuka tu," alisema Shemeji. "Sikuwa na habari."

Wauzaji wa jirani walikuwa wamesogea. Fundi saa alikuwa ameketi juu ya ndoo, mikono kifuani, akitazama kama mtu aliyelipa kiingilio. Mrithi hakujali. Alikuwa amelewa bila kunywa. Kila alipoweka mkono juu ya kitu, kitu kiligeuka noti. Kiti alichokikalia mwanamke kiliuzwa akiwa amekikalia. Mkeka uliuzwa kwa kuwa mali ya marehemu ilikuwa imelala juu yake.

"Na ubao huu?" aliuliza mwanamke.

Ulikuwa ubao ulioning'inizwa kwenye nguzo, ulioandikwa kwa rangi nyekundu: KIKIUZWA HAKIRUDI. Mrithi aliuandika mwezi uliopita, baada ya mteja mmoja kurudi na birika na polisi.

"Wa babu," alisema Mrithi. "Alikuwa mtu wa msimamo."

Ukalipiwa.

Ndipo mwanamke alipoliona kasha la chuma.

"Hilo halipo katika hesabu, mama," alisema Mrithi, na kwa sekunde moja sauti yake ilikuwa ya kweli. "Ni takataka. Halina mlango."

"Lakini lilikaa na wenzake?"

"Lilikaa."

Mwanamke aliliweka birika chini. "Basi siwezi. Wewe mwenyewe umeniambia vitu vya ukoo mmoja vikitenganishwa havina raha. Nirudishie pesa, mwanangu, nisije nikawatesa marehemu. Tutabaki marafiki."

Mrithi aliomba ruhusa kidogo, akamvuta Shemeji nyuma ya nguzo.

"Kasha ndilo linalotushikia mahali," alinong'ona.

"Linashika usiku. Sasa ni mchana."

"Mali ikiondoka yote, pale patakuwa patupu."

"Gari lake likipakia, wewe vua koti, weka chini. Koti si mali? Mimi nakimbia nyumbani, narudi na sufuria. Nani atawahi kuingia hapo katikati, na wewe umesimama?"

Mrithi alilipima neno hilo kila upande, na kwa haki lazima isemwe kwamba halikuwa na kasoro iliyoonekana. Mnunuzi hununua, hupakia, huondoka. Hilo ni jambo ambalo hakuna mtu sokoni aliyewahi kuhitaji kulithibitisha. Akarudi amekunjua uso.

"Mama, kwa kuwa ni wewe."

Mwanamke alilipa noti za mwisho. Kisha, kwa sauti ya mtu anayetaka kuwa na hakika, akauliza: "Sasa ni vyangu?"

"Vyako, mama."

"Vyote?"

"Mpaka vumbi."

"Majirani mmesikia?"

"Tumesikia," walisema majirani, kwa pamoja na kwa haraka ambayo Mrithi aliigundua baadaye.

Mwanamke akamshika mkono, akautikisa kwa nguvu. Halafu akavua viatu, akavilaza ukingoni mwa mkeka, akaketi katikati ya mali yake. Akatoa kitambaa kwenye mkoba, akajifunga kichwani. Akaanza kupanga. Birika akalitoa mbele. Feni akairudisha nyuma. Kioo akakigeuza kidogo kitazame lango.

Mrithi alisubiri, koti amelikunja mkononi.

"Gari litafika saa ngapi, mama?"

"Gari la nini?"

"La kubebea."

"Vinakwenda wapi?"

Mrithi alicheka, kwa sababu alidhani ni mzaha wa marafiki. Kisha akaviona viatu. Vilikuwa vimelala kwa ubavu, na katikati ya soli, pasipogusa ardhi, palikuwa na bei iliyoandikwa kwa chaki, kama wanavyoandika wauza viatu vya mitumba.

"Huyu mama ni nani?" aliuliza, bila kumwelekea mtu yeyote.

"Humjui?" alisema fundi saa kutoka juu ya ndoo. "Mama Vifungo. Anauza vifungo vya nguo kando ya mtaro, mbele ya vyoo. Kazeeka akingoja mahali."

"Mimi sijawahi kumwona."

"Ungemwona wapi, mrithi wa watu? Wa mtaroni huingilia uchochoro wa nyuma. Umefika kule nyuma lini? Urafiki wako wote unaishia hapa langoni."

Ikafahamika kwamba gauni lilikuwa la kukodi, kwamba viatu vilikuwa vya kuazima, na kwamba pesa zilitoka katika mchango wa wauzaji wote wa mtaroni, ambao walikubaliana kuwa mtu mmoja wao akifika langoni atauza mali ya wote. Saa ya mezani isiyotembea ilirudishwa kwa fundi saa palepale, mbele ya Mrithi, na fundi saa akarudisha pesa bila kuombwa.

"Mama," alisema Mrithi, na sasa aliongea haraka. "Tufanye hivi. Chukua pesa zako zote. Nipe vitu vyangu."

Mama Vifungo alinyoosha kidole kwenye ubao wa babu, uliokuwa wake.

"Nakuongezea juu."

"Mwanangu, ningependa. Lakini vitu vya marehemu. Nimeshawazoea."

"Hakuna marehemu."

Majirani waligeuza nyuso ili wasiharibu kwa kucheka.

"Hata mama yangu?" aliuliza Shemeji.

"Wewe ulikuwa naye asubuhi."

"Nilitaka nisikie kwako."

Saa tano msimamizi wa soko alipita akikusanya ushuru wa siku. Alisimama mbele ya mkeka kama anavyosimama mbele ya kila mkeka, akauliza analouliza kila siku: "Mali ya nani?"

Mrithi alifungua mdomo. Aliwatazama majirani, na majirani wakamtazama. Kusema ni yake ilikuwa kusema mbele ya umati kwamba amechukua pesa za mwanamke kwa kitu asichomwachia, na msimamizi alikuwa mtu mwenye namba ya polisi na kumbukumbu ya lile birika lililorudi na polisi. Akaufunga mdomo.

"Yangu," alisema Mama Vifungo, akalipa ushuru. Msimamizi akamkatia risiti, akaenda zake.

Mrithi aliweka koti chini, mahali pekee palipobaki, ambapo palikuwa nje ya lango. Msimamizi wa barabara akamwambia aliokote. Akaliokota. Alikuwa na pesa nyingi kuliko siku yoyote ya maisha yake, mifuko imevimba pande zote mbili, na hakuwa na pa kukaa.

Wauzaji wa mtaroni walianza kufika mmoja mmoja, wakileta vifungo, vitasa, miwani na funguo za milango isiyojulikana, wakavipanga pembeni mwa kasha la chuma. Mtu mmoja aliyevaa suti akaingia langoni na mkewe. Wakapunguza mwendo. Mke akainama, akaligusa birika.

Shemeji alikuwa bado amesimama pale alipoachwa. Alimtazama Mrithi kule nje. Alimtazama Mama Vifungo. Mama Vifungo akakohoa.

Shemeji akalegeza mabega.

"Mama, nimerudi," alisema. "Lile birika. Nimekopa. Silali."

Mwenye suti akatoa pochi.