Viatu Vyako Viko Tayari, Tatizo ni Utaratibu

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Fedha za Utafiti na Safari za Wanafunzi,
Jengo la Utawala, Ghorofa ya Tatu.

Ndugu Mwenyekiti,

Salamu zangu ziwe nyingi kuliko vikao vyenu. Mimi ni yule fundi viatu wa geti la nyuma la chuo, mwenye kibanda cha bati la buluu. Nimesoma mpaka darasa la nne. La tano lilinisubiri sana, sikutokea. Lakini viatu navisoma bila miwani. Vyako vyeusi vya kamba, ulivyoniletea Jumanne nibadilishe soli, viko hapa mbele yangu, na ndivyo vilivyonipa ujasiri wa kushika kalamu.

Nakuandikia kwa ajili ya mjukuu wangu, anayesomea shahada ya pili hapo kwenu. Anachunguza jinsi wazee wanavyoanguka. Si kwa kuwasukuma, hapana. Anakusanya viatu vyao vikuukuu, anapima soli zilivyolika, na hapo anajua nani nyonga yake imeanza kulegea na ataanguka kabla ya mwaka kwisha. Chumbani kwangu kuna jozi mia mbili na kumi na moja ndani ya magunia. Nalala na harufu ya miguu ya mtaa mzima. Kazi yake imesifiwa hadi ng'ambo, akaalikwa kwenda kuisoma kwenye mkutano wa wataalamu wa mwendo wa binadamu. Zimebaki wiki tano. Asipokwenda, nafasi anapewa mwingine. Alikuja kwenu kuomba nauli, na haya ndiyo malalamiko yangu:

1. Mmemwambia asafiri kwanza kwa fedha zake, akirudi alete risiti, ndipo mumrudishie. Ndugu Mwenyekiti, nimeshona viatu miaka arobaini na sita. Sijawahi kumwambia mteja atembee peku hadi aendako, arudi anionyeshe malengelenge, ndipo nimshonee. Wahenga walisema kutangulia si kufika; ninyi mmeongeza kwamba kufika si kulipwa. Angekuwa na nauli ya ndege, angepanda ngazi zenu kutafuta nini? Upepo?

2. Wenye mkutano wameandika kwamba watatoa nusu, endapo chuo kitatoa nusu. Ninyi mmeandika kwamba mtatoa nusu, endapo wenye mkutano watatoa nusu. Barua zote mbili nimesomewa, mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani msomaji ana usingizi. Mmekuwa waungwana wawili mlangoni, tangulia wewe, la hasha, tangulia wewe, na mvua inamnyeshea mtoto aliye nyuma yenu.

3. Fomu. Ina kurasa kumi na nane. Ukurasa wa sita unamtaka athibitishe kwamba utafiti bado haujafanyika, kwa sababu hamlipii kilichokwisha kufanyika. Ukurasa wa kumi na moja unamtaka aambatishe matokeo. Nikamuuliza, sasa bi mkubwa, utafiti umefanyika au haujafanyika? Akanijibu bila hata kucheka kwamba Babu, inategemea uko ukurasa gani. Huyo ni mtoto aliyeingia chuoni kwenu akijua ukweli ni mmoja.

4. Mmeuliza utafiti huu una manufaa gani kwa taifa, kwa maneno yasiyozidi hamsini. Mke wangu, bibi yake, alianguka jikoni, kati ya sinki na mlango, mwendo wa hatua tatu. Baada ya maziko nikaziokota ndala zake. Ya kushoto ilikuwa imelika ukingo mmoja hadi imekuwa nyembamba kama ukucha. Mimi, fundi, miaka yote nililala juu ya ndala zile, ziko chini ya kitanda changu mwenyewe, nikasoma viatu vya watu. Mjukuu wangu ndiye aliyeuliza, Babu, ingejulikana mapema? Tangu siku hiyo hajaacha kuuliza. Hesabu maneno hayo. Yakizidi hamsini, kata yale unayoona hayana manufaa.

5. Katibu wako alisema mfuko wa safari umekauka. Siwezi kumbishia katibu, lakini soli hazijui kusema uongo. Wajumbe watano wa kamati yako ni wateja wangu. Viatu vya wote watano soli zake ni nzima, maana hamtembei, ila ncha za mbele zimekwaruzika kwa namna moja: mkwaruzo wa mtu anayesukuma begi kwa mguu kwenye foleni ya kiwanja cha ndege. Vyako ndivyo vimezidi, mkwaruzo umeshakula hadi soli. Mfuko haujakauka, Ndugu Mwenyekiti. Umevaa viatu.

6. Kwa hiyo na mimi nimeamua kuwa mtu wa utaratibu. Viatu vyako nimevimaliza tangu jana, soli mpya, uzi mara mbili. Najua una safari Jumatatu, ulinieleza mwenyewe huku ukitazama saa. Basi vivae kwanza, uende, urudi, uniletee ushahidi kwamba umetembea navyo, ndipo nitakukabidhi. Ukiona hilo gumu, naweza kukupa cha kushoto leo hii, endapo fundi mwingine ataandika barua kwamba atakupa cha kulia. Ukiniambia mambo hayo hayawezekani, nitakuelewa kabisa. Nasi ndivyo tulivyosema.

Ombi langu ni dogo. Msichana apewe nauli mkononi, ndege ikiwa bado iko chini. Mkishindwa, Alhamisi mnapokutana nitapanda hizo ghorofa tatu na magunia yangu yote, nimwage jozi mia mbili na kumi na moja juu ya meza yenu, kati ya chai na sambusa, na kila mjumbe avae zitakazomtosha hadi atakapoelewa utafiti. Kuna raba za mzee mmoja mstaafu ambazo naziwekea matumaini makubwa.

Nisalimie wajumbe wote, katibu, mama wa chai, na mlinzi wa mlango wa chini, ambaye katika jengo lenu zima ndiye pekee anayelika soli sawasawa.

Ni mimi, mwenye sindano ndefu na subira fupi,
Fundi Viatu, Geti la Nyuma.

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha, mjukuu akaingia anakimbia. Amepata barua nyingine. Huko mkutanoni kuna profesa anataka waonane ana kwa ana. Akiridhika naye, atabaki hukohuko miaka minne, asomee shahada ya udaktari, kila kitu kimelipwa. Minne. Anacheka huku machozi yanamtoka. Nimempongeza kwa sauti kubwa hadi muuza vocha wa jirani akachungulia. Mimi nina miaka sabini na minane, Ndugu Mwenyekiti, na huyu ndiye anayekuja kila jioni kunisaidia kufunga kibanda, eti amekuja kupima soli. Viatu vyako njoo uvichukue wakati wowote, nimevipiga na kiwi. Lakini kuhusu ile nauli, sasa naona hakuna haraka. Nasikia kuna fomu ya mdhamini wa pili ambayo katibu alisahau kumpa. Kama ni ndefu, mpeni hiyo. Kama ni fupi, iongezeni kurasa.