Nambari Moja Si Mimi

Ofisi ya Ushauri Nasaha
(zamani stoo ya nyavu za mpira)
Karibu na Mtangawanda, Pate
Alhamisi

Kwa Mheshimiwa Bi Mkurugenzi,
Ushirikiano wa Wataalamu wa Shule

KUH: KUSAIDIWA KINYUME CHA UTARATIBU

Natumaini barua hii itakufikia ukiwa mzima, na ukiwa umeketi.

Mimi ni Emily Kemunto, mshauri nasaha niliyeripoti hapa Januari kutoka Kisii. Nina shahada. Nina viti viwili vilivyopangwa kwa pembe niliyofundishwa chuoni, na kisanduku cha karatasi laini za kufutia machozi ambacho hadi wiki hii kilikuwa hakijafunguliwa. Naandika kulalamikia Jopo ambalo ofisi yako iliagiza liundwe, ili mwalimu, mshauri, muuguzi na maalimu wa madrasa washirikiane kumsaidia mwanafunzi mwenye shida. Jopo letu limeshirikiana. Hilo ndilo tatizo.

Nitaeleza kwa mpangilio, kwa kuwa mpangilio ndio kitu pekee nilichobakishiwa.

1. Waraka wako ulisema mwanafunzi atambulishwe kwa nambari, bila jina, umri wala kidato. Nilitii. Nambari Moja wangu ni Nusra (jina nakutajia wewe tu), binti wa Kidato cha Pili kutoka Kiunga. Alifiwa na mamake mwaka jana, na tangu aje bwenini hajamwambia mtu neno zaidi ya "ndiyo" na "la". Babake, Bwana Taha, ametuma ujumbe: ikiwa mtoto hana raha na shule, Jumamosi hii anakuja kumrudisha Kiunga, na masomo yawe basi. Kwa hiyo sikuwa na muda wa kupoteza. Wiki mbili zilizopita nilijaza fomu kwa hati safi: "Nambari Moja ni binti. Yuko mbali na kwao. Hasemi na watu. Hula peke yake. Wakati wa mapumziko hujifungia chumbani. Anahitaji msaada, ila anaona haya kuuomba."

Jopo lilisoma. Wakatazamana. Kisha wakanitazama mimi. Muuguzi wa zahanati, Bi Swafiya, akanishika mkono akasema, "Umefanya vyema kusema, mamangu." Nilidhani anaisifu fomu.

2. Kesho yake asubuhi nilimkuta Mwalimu Fanuel, wa nidhamu, akiwa na bisibisi mlangoni pangu, anang'oa komeo. Nilipouliza, alijibu bila kugeuka: "Mpango wa Jopo, Mwalimu. Nambari Moja asijifungie." Ndipo nikaelewa kwamba wamedhani fomu ile inanihusu mimi. Tangu siku hiyo mlango wa ofisi ya siri haufungiki. Jumanne punda aliingia katikati ya kikao, akasikiliza yote, na sijui namna ya kumwapisha.

3. Bi Swafiya hunipima shinikizo la damu kila asubuhi kwenye gwaride, mbele ya wanafunzi mia mbili. Ili kulinda siri, matokeo huyanong'ona. Mnong'ono wa Bi Swafiya husikika hadi jikoni. Nilimwambia waziwazi kwamba mimi si Nambari Moja. Alitikisa kichwa kwa upole na kuandika kwenye fomu: "Bado anakana." Sikuweza kuendelea kujitetea, kwa sababu nikisema si mimi, wataniuliza ni nani, na kiapo changu hakiniruhusu kujibu. Bi Mkurugenzi, nimemeza dawa ya minyoo kwa ajili ya maadili ya taaluma.

4. Maalim Shuaib wa madrasa ndiye aliyeitunza siri kuliko wote. Baada ya sala ya Ijumaa aliwaomba watu wamjulie hali "mgeni mmoja wa kike mwenye uzito moyoni". Hakutaja jina. Wageni wa kike hapa tuko wawili, na mwingine ni Bi Chelangat wa polisi, ambaye hakuna anayemdhania uzito wowote. Kutoka dukani hadi lango la shule nilisalimiwa mara arobaini na moja. Na salamu ya hapa si neno la kurushiana mkipishana. Huulizwa hali yako, ya wazazi, ya kazi, ya joto, kisha mtu husimama na kungoja majibu. Mimi ni mtu ninayehitaji ukimya ili nijisikie nikifikiri. Sijajisikia tangu Ijumaa ile.

Siku hizi sinia hufika ofisini kabla ya adhuhuri: mkate wa mofa, samaki wa nazi, na mara moja halua, sijui ya nani. Maalim mwenyewe hupitia dirishani. "Yeo umekula, mwanangu?" (Yeo ndiyo leo ya hapa.) Nikijibu ndiyo, huuliza, "Na nani?"

5. Swali hilo limo kwenye mpango wa Jopo: Nambari Moja asile peke yake. Mwalimu Fanuel akapewa kazi ya kuchagua mwanafunzi wa kuketi nami kila mchana. Kati ya wanafunzi mia mbili alimchagua Nusra. "Huyu hana maneno," alinieleza, "hatakuchosha." Nambari Moja akawa ameteuliwa kumtunza Nambari Moja, kwa sahihi tatu na muhuri wa shule.

6. Hapa ndipo malalamiko yangu yanapokuwa mazito. Siku mbili za kwanza Nusra alikula kimya, akiangalia kama nameza. Siku ya tatu alisema, "Kula, Mwalimu." Siku ya nne alinionyesha jinsi ya kutoa miiba, kwa kuwa aliona aibu kwa niaba yangu. Jumatatu alinieleza jinsi mamake alivyokuwa akikausha papa, na jinsi harufu ile bado imo katika leso aliyomwachia, ndiyo maana haifui. Akalia. Kisanduku kikafunguliwa. Mimi pia nililia, jambo ambalo halimo katika mafunzo yangu, na yeye ndiye aliyenipa karatasi.

Hakukuwa na kikao. Viti vilikuwa ukutani. Tuliketi mkekani kando ya sinia. Fomu ina safu ya "Mbinu iliyotumika", nami siwezi kuandika "samaki". Isitoshe, husema nami tu, saa ya chakula tu. Darasani bado ni "ndiyo" na "la", kwa hiyo Jumamosi babake atamkuta mnyamavu yuleyule, na atamchukua.

Kwa hayo yote naomba: Jopo livunjwe. Komeo lirudishwe. Nusra arejeshwe katika kimya chake cha awali kwa muda usiozidi wiki mbili, ili nimsaidie upya kwa utaratibu unaotambulika, na babake aandikiwe asubiri. Mimi nihamishiwe shule ambayo wataalamu wake hawasemezani. Ikiwa kuna kisiwa kisicho na watu kabisa, niko tayari kuripoti huko pia.

Wasalimie wote hapo ofisini, na wazazi wao, na kazi yao, na joto lao. Nimeambukizwa.

Wako mtiifu,
Emily Kemunto
(si Nambari Moja)

Tanbihi. Jumamosi, gatini Mtangawanda.

Barua hii nilikuja nayo gatini niitume kwa boti. Bwana Taha alikuwa ameshafika. Jopo lote lilikuwapo, kwa kuwa siku hizi siachwi nitembee peke yangu. Bwana Taha aliuchukua mfuko wa nguo wa Nusra, aliyekuwa kando yake, akasema, "Twende kwetu, mwanangu. Hapa una nini?"

Nusra akajibu mbele ya abiria wote, kwa sauti ambayo sikujua anayo: "Siwezi, baba. Mwalimu huyu hayuko sawa. Nikienda, nani atakula naye?"

Bwana Taha akanitazama kwa huruma kubwa. Bi Swafiya akaninong'oneza, na gati zima likasikia: "Sema, mamangu, usione haya." Nilikuwa nimepata nafasi ya kujitetea mbele ya mashahidi. Nikasema, "Ni kweli. Nambari Moja ni mimi."

Mfuko umerudi bwenini. Tafadhali yapuuze maombi yote isipokuwa la komeo, kwa sababu ya punda. Ningeichana barua hii, lakini utahitaji maelezo ya fomu mpya niliyoiambatisha, yenye jina langu. Ile safu ya "Muda unaokadiriwa wa kupona" ameijaza Nusra mwenyewe. Ameandika: "Mpaka nimalize Kidato cha Nne."