Mwenza Niliyemwagiza Ni Samaki

Nguvumali, Tanga
Jumanne, baada ya alasiri

Kwa Mjomba wangu mheshimiwa, Mzee Sadalla, Pangani.

Shikamoo Mjomba. Kwa afya sisi huku hatujambo; kwa mengine yote, barua hii itakueleza. Naandika kwa mkono kwa sababu simu ndiyo iliyotufikisha hapa, na siiamini tena.

Wewe ni mshenga unayeheshimika toka Pangani mpaka Ushongo, na papo hapo ni muuza samaki wa mtoni. Kazi zote mbili unaziweza. Lalamiko langu ni kwamba nilikuja kwa muuza samaki, nikahudumiwa na mshenga. Sasa Ijumaa hii wazee wa Ushongo wanakuja sebuleni kwangu kupanga siku ya harusi ambayo bwana harusi hakuiomba. Kwa adabu zote, naomba niyapange malalamiko yangu:

1. Bi Mkubwa ni kambare. Ninaye kwenye tangi la kioo sebuleni. Nilimpata akiwa hazidi kidole, sasa amefika urefu wa mkono wangu, na masharubu yake ukiyaona utamwamkia. Jina nilimpa kwa heshima ya umbo lake. Nilipokutumia ujumbe kwamba namtafutia Bi Mkubwa mwenza, nilidhani muuza samaki atasikia samaki. Nakubali kwamba kwetu pwani mwanamume akitaja Bi Mkubwa na mwenza kwa pumzi moja, hakuna anayefikiria tangi. Lakini ungeuliza, Mjomba. Kuuliza si ujinga.

2. Nisikudhulumu: uliuliza, ila uliuliza nusu. Uliuliza awe wa namna gani, nami nikakupa sifa ambazo kila mfugaji wa kambare anapaswa kuzijua. Awe mpana, maana kambare hamli mwenzake kwa chuki, humla kwa kuwa amemwenea kinywani. Awe mpole lakini asiyeonewa. Asiwe na tabia ya kulala chini, kwa sababu chini ni kwa Bi Mkubwa na hapendi ubia. Na asiwe wa maji chumvi. Ukanijibu kwamba nimejaliwa hekima kuliko umri wangu. Hapo ndipo ningeshtuka, kwani sijasikia mtu akisifiwa hekima kwa kuagiza perege.

3. Uliuliza tena kama kila mmoja atakuwa na nyumba yake. Nikasema la, watakaa humo humo. Siku za mwanzo nitawawekea wavu katikati wazoeane, na wakigombana nitamtoa mgeni nimweke kwenye beseni. Ulicheka, ukasema vijana wa siku hizi mna mbinu. Uliponiambia amepatikana Ushongo, nilikuambia mlete kwenye ndoo, uifunike vizuri asije akaruka njiani. Mjomba, mtoto wa watu aletwe kwenye ndoo? Hata hilo halikukutia shaka?

4. Sasa nije kwa uliyemchagua. Bi Shadya ni mwanamke wa heshima zake, anapika kwenye hoteli ya wageni pale ufukweni, nami simtoi kasoro hata ya ukucha. Lakini kwa masharti niliyoyatoa hafai. Tangini haenei. Tena amezaliwa na kukulia maji chumvi, jambo nililolikataza waziwazi.

5. Habari hufika Nguvumali kabla ya gari. Msikitini wananipa mkono wa hongera, na wengine wanaubana. Jirani yangu Hosea, mzee wa kanisa la Kilutheri, ndiye fundi wa pampu yangu ya kuchujia maji. Siku hizi hapiti tena uani kwangu. Mkewe Elizabeti amempiga marufuku, anasema tabia huambukiza. Pampu imeanza kukoroma na maji yamekuwa kama ya ukwaju. Kwa hiyo posa yako, Mjomba, sasa inamtesa hata samaki asiyejua kitu.

6. Hili ndilo zito. Mwamvua, mke wangu, hajagomba. Angegomba ningejua pa kushika. Yeye anatabasamu. Amepaka chokaa chumba cha uani, ametandika kitanda, na juzi ameniuliza kwa upole kama mgeni hupendelea mto mgumu au laini. Nikamweleza habari ya samaki tangu mwanzo hadi mwisho. Akaitikia, akaendelea kukunja mashuka. Mjomba, naogopa. Nimeishi na mwanamke huyu tangu hatuna hata kikombe cha kumpa mgeni, na sijapata kumwogopa hivi. Simtaki mwenza wa Mwamvua. Simtaki leo, na sitamtaka hata nikipata majumba. Akiondoka yeye, hilo tangi nitalitazama na nani?

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo. Posa ivunjwe kabla ya Ijumaa. Wazee waombwe radhi kwa jina langu. Bi Shadya aambiwe kwamba kosa ni la lugha, si lake. Kisha, kama hutakuwa umenichoka, yule perege mpana bado namhitaji.

Nisalimie mkaza mjomba na watoto, na wote wa sokoni wanaoniulizia. Wazee wa Ushongo nao wasalimie, ila hao kwa mbali.

Mpwa wako, mume wa mke mmoja,
Mwinyijuma

Tanbihi: Shikamoo Mjomba. Mwandiko umebadilika, ni mimi Mwamvua. Mwinyijuma kanipa barua niipeleke kituoni kwa dereva wa Pangani, na bahasha haikushika gundi sawasawa. Posa usiivunje. Siku ile uliyonipigia kuniuliza kama nimeridhia, nilijua fika kwamba mwenzangu anataka samaki, nikakujibu nimeridhia. Shadya nilimweleza yote kabla hajakupa jibu. Tumecheza pamoja utotoni, na alivyocheka nadhani mlimsikia huko Pangani. Wazee wake naye ameshawanong'oneza. Ijumaa njooni, pilau nitapika, na perege mlete wawili, mmoja wa tangi na mmoja wa kupaka kwa nazi. Wazee wakishakula waseme bado wanatafakari. Mwinyijuma usimwambie kitu. Tangu posa ije anarudi nyumbani mapema, na kila asubuhi ananiuliza nimelalaje. Hiyo posa ivute kidogo, Mjomba, mpaka azoee.